Kitenzi "run" kina maana ngapi, na mtafsiri akifanyie nini?

Swali: Mwalimu, habari za kazi? Nimeajiriwa mwaka huu katika chumba cha habari cha redio moja hapa Nairobi, na kazi yangu ni kugeuza taarifa za Kiingereza ziwe Kiswahili kabla ya habari za jioni. Neno linalonitoa jasho ni "run". Katika zamu moja limenijia kwa mwanasiasa anayetaka kiti, kwa mifereji ya mtaa fulani, kwa wateja wa benki, kwa hukumu ya mahakama na kwa matokeo ya kriketi. Kamusi yangu ndogo inasema "kimbia". Nikaandika kwamba vifungo vya mshtakiwa "vitakimbia pamoja", na mhariri akanicheka mbele ya wenzangu. Neno hili lina maana ngapi, na nitazijuaje zote? (Msomaji, Kayole)

Jibu: Kazi ni njema, dada, na swali lako ni zito kuliko alivyolichukulia mhariri wako. Nianze na idadi kwa kuwa umeiuliza. Wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford walipolipitia neno hilo upya na kutoa matokeo mwaka 2011, walihesabu maana 645 za kitenzi peke yake, bila kuihesabu nomino. Mhariri aliyekabidhiwa kazi hiyo, Peter Gilliver, alikaa nayo miezi 9 hivi. Katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, aliyekuwa akiongoza ni "set" kwa maana 430 hivi. Baadaye "make" likashika uongozi mwaka 2000, "put" likalipokonya mwaka 2007, na miaka minne baadaye "run" likayapita yote. Tazama yalivyo mafupi maneno hayo manne, na hakuna mwanafunzi wa shule ya msingi asiyeyajua. Neno likiwa jepesi mdomoni hutumwa kila mahali.

Idadi hiyo isikutie hofu. Hakuna Mwingereza anayezijua maana zote 645. Nyingi zimo kwenye kamusi kwa kuwa kuna aliyeziandika karne zilizopita, nyingine ni za mabaharia na mafundi wa kazi ambazo hazipo tena. Zinazoweza kukufikia katika taarifa ya habari ya Nairobi ni chache, na hata hizo sikushauri uzikariri, kwa sababu kukariri ndiko kulikokupeleka kwenye "vitakimbia pamoja". Uliibeba maana ya kwanza uliyoikuta kwenye kamusi ukaitia kwenye sentensi.

Fanya hivi badala yake. Kila ukikutana na kitenzi hiki, kiache kwanza utafute jina lililo karibu nacho. Ni nini hasa kinachotajwa? Ni pua, ni mto, ni kampuni, ni mkataba, ni homa? Ukishalipata jina hilo, funga macho kwa Kiingereza ujiulize: sisi husema kitu hiki hufanya nini? Kiingereza kinaweza kulitumia neno moja kwa vitu hamsini kwa sababu msomaji wake anategemea jina lililo jirani kumpa maana. Kiswahili hakifanyi hivyo kwa vitu hivyo. Kila kimoja kina kitenzi chake, na kitenzi hicho unakijua tangu utotoni.

Chukua asubuhi moja ya kawaida mtaani kwenu. Mwingereza atatumia "run" kwa pua ya mtoto, kwa mfereji wa uani, kwa injini ya matatu iliyosimama stejini, kwa leso mpya iliyotiwa kwenye karai, kwa soksi ndefu za msichana anayekwenda kazini, na kwa Jogoo Road. Sasa yaseme hayo kama unavyomwambia mama yako. Mtoto anatokwa na kamasi. Maji yanatoka, na kama mtu ameusahau mfereji, yanamwagika ovyo. Matatu inanguruma, ukitaka kusema tu kwamba haijazimwa, imewashwa. Leso inachuja. Soksi zimefumuka. Barabara inaelekea mjini. Hukuhitaji kamusi hata mara moja, na "kimbia" halikuitwa popote.

Hata kwa miguu ya binadamu, "kimbia" si jibu kamili. Ukilisikiliza vizuri, kitenzi chetu hicho kimeegemea sana upande wa kuondoka kwa hofu au kwa kuchoshwa. Ndiyo maana aliyefukuzwa na vita ni mkimbizi, mahali pa usalama ni kimbilio, na mke akisema mume amemkimbia hakuna anayedhani walikuwa mazoezini. Kwa mchezo, Waswahili wana "mbio": hupiga mbio, hutimka mbio, hushiriki mbio za nyika. Sikiliza watangazaji wazuri wa michezo wanavyofanya. Kiingereza kikisema Eliud Kipchoge "ran 1:59:40" kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, wao husema alimaliza mbio za kilomita 42 kwa saa 1:59:40. Kelvin Kiptum naye aliandikisha muda wa saa 2:00:35 alipoweka rekodi ya dunia Chicago tarehe 8 Oktoba 2023. Jina lililo jirani hapo ni muda, na muda huandikishwa, huwekwa, hutumiwa. Muda wa saa haukimbiwi.

Huenda unajiuliza ilikuwaje kitenzi cha miguu kikafika kwenye pua na mito. Kwa kweli hakikutoka kwenye miguu. Kiingereza cha kale kilikuwa na "rinnan" na "irnan", na lugha ya mabaharia wa Skandinavia waliohamia Uingereza ikakitia nguvu. Shina lenyewe la lugha za Kijerumani lilibeba kutiririka na kwenda mbio kwa pamoja. Kijerumani cha leo kimeyagawa: "rinnen" ni maji kutiririka, "rennen" ni mtu kupiga mbio. Kiingereza kiliyaacha mambo yote mawili katika neno moja. Kwa hiyo unapoona damu, machozi, mchanga au wino karibu na "run", usidhani mwandishi anatumia tamathali. Anatumia maana yenye umri sawa na ile ya miguu, nawe una tiririka, churuzika, bubujika na vuja za kuchagua. Chagua kwa kiasi cha maji: jasho huchuruzika, machozi ya kilio kikubwa hububujika, mto hutiririka, paa huvuja.

Kisha ikaja karne ya 19 na mashine zake. Gari la moshi likahitaji kitenzi, kiwanda kikahitaji kitenzi, saa ya ukutani nayo, na Waingereza hawakuunda kipya. Walichukua hiki cha zamani. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 ilikuja na msamiati huo kamili, wa treni zinazo-"run" kwa ratiba na karakana zinazo-"run" usiku kucha. Karne ya 20 ikaongeza kompyuta. Sehemu kubwa ya unene wa ingizo lile la kamusi imetokana na kazi za namna hii.

Hapa ndipo sarufi yetu inapokusaidia, na ningependa ulishike jambo hili kuliko mengine yote. Kiingereza hakibadilishi sura ya kitenzi kati ya kinachokwenda chenyewe na kinachopelekwa na mtu: duka lina-"run", mama yule ana-"run" duka. Sisi tuna mnyambuliko. Gari linaenda, dereva analiendesha. Endesha ni mtoto wa enda, na hilo ndilo neno lako kwa biashara, hospitali, kampeni, kipindi cha redio na programu ya kompyuta. Tahadhari moja tu: usiliache hewani bila kutaja kinachoendeshwa. Tumbo nalo huendesha. Waingereza mitaani huita ugonjwa wa kuhara "the runs", na sisi bila kuwauliza tumesema siku zote kwamba tumbo linaniendesha. Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki kimeziunganisha njia hizo kikapata "running stomach", ambayo hata wauguzi wetu huitumia. Sioni ubaya wake. Mgonjwa na daktari wanaelewana.

Kile ambacho sisi tunakifanya kwa viambishi, Kiingereza mara nyingi hukifanya kwa vijineno vinavyofuata kitenzi. "Run to" ni kimbilia. "Run after" ni kimbiza. "Run away" ni toroka. Mwanafunzi wa Kiswahili kutoka nje huteseka na -ia, -isha na -ana kama wewe unavyoteseka na "out", "up", "down" na "over". Kwa hiyo usivisome vijineno hivyo kama pambo. Vinabeba nusu ya maana, na jina linabeba nusu ya pili. "Run out" karibu daima ni kuisha au kuishiwa: hospitali imeishiwa na dawa. "Run up" ikiwa na deni ni kulimbikiza. "Run over" ikiwa na gari ni kugonga au kukanyaga.

Nikae kidogo kwenye "run into", kwa maana ndiyo inayowaangusha wengi. Mtu akiwa na rafiki wa zamani upande wa pili, amekutana naye kwa bahati. Akiwa na lori, amelivamia kwa nyuma. Akiwa na madeni, ameingia kwenye madeni. Akiwa na upinzani, amekumbana nao. Na gharama ikiwa na mamilioni, imefika mamilioni ya pesa. Maneno mawili yale yale, na matukio matano yasiyofanana, moja likiwa la furaha na jingine la kupelekwa hospitalini. Yote yaliamuliwa na jina lililokuja baadaye.

Sasa siasa, maana hapo ndipo utakapokula chumvi ya kazi yako kila baada ya miaka mitano. Mwingereza wa Uingereza alizoea kusema mgombea "stands", yaani anasimama. Mmarekani akasema "runs". Wakenya tulirithi la kwanza, tunasoma la pili magazetini, na katika Kiingereza chetu tumelipenda zaidi neno la tatu, "vie". Kwa Kiswahili una mawili yaliyo imara: kugombea na kuwania. Gombea limetoka katika gomba, la ugomvi. Kugombea kiti ni kukizozania. Wania lina ushindani bila kelele nyingi. Mtaani utasikia pia fulani amesimama ubunge, au amesimama udiwani, na hayo ni Kiswahili kizuri cha watu, ingawa katika taarifa rasmi mimi ningeandika anawania. Asiye na mpinzani hupita bila kupingwa. "Running mate" ni mgombea mwenza, neno ambalo limeshakubalika na usilibadilishe. Kwa Kiingereza neno hilo lilizaliwa katika mashindano ya farasi huko Marekani: farasi wa pili wa zizi moja aliyeingizwa kumwekea mwenzake mwendo. Mwenza wa Kiswahili hana farasi ndani yake, na wala hamhitaji.

Lakini kuna jozi moja ambayo lazima uitenge kabisa. "Run-off" si "re-run". Kwa mujibu wa kifungu cha 138 cha Katiba ya 2010, anayetangazwa rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Akikosekana wa kufikisha, uchaguzi mwingine hufanywa ndani ya siku 30, na wanaoshindana ni walioongoza tu. Hiyo ndiyo "run-off", nayo kwa Kiswahili ni duru ya pili. Mwaka 2017 hatukuwa na duru ya pili. Mahakama ya Juu ilibatilisha tarehe 1 Septemba uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti, na tukarudi vituoni tarehe 26 Oktoba chini ya kifungu cha 140, kinachotoa siku 60. Huo ulikuwa "re-run", uchaguzi wa marudio. Duru ya pili hutokea kwa sababu hakuna aliyefikisha kiwango. Marudio hutokea kwa sababu uchaguzi wenyewe umefutwa. Na Katiba haikusaidii kutofautisha, kwani kwa yote mawili imetumia maneno yale yale ya Kiingereza, "fresh election". Mtafsiri akiandika marudio mahali pa duru, msikilizaji wa Homa Bay au Garissa ataamini kwamba mahakama imeingilia kati. Katika msimu wa uchaguzi kosa la namna hiyo si dogo.

Mahakamani ndiko ulikoumizwa, basi tulinyooshe. Hakimu akisema vifungo viwili vita-"run concurrently", anasema vitatumikiwa kwa wakati mmoja. Akisema "consecutively", vitatumikiwa kimoja baada ya kingine. Mtu aliyehukumiwa miaka 5 kwa kosa la kwanza na miaka 3 kwa la pili atakaa miaka 5 vikitumikiwa kwa wakati mmoja, na miaka 8 vikitumikiwa kimoja baada ya kingine. Sasa unaona kwa nini "vitakimbia pamoja" hairuhusiwi: mama wa mfungwa anayesikiliza redio hatajua mwanawe anarudi lini. Jina ni kifungo, na kifungo hutumikiwa. Ukikutana na kifungo kinacho-"run from" siku fulani, andika kitahesabiwa kuanzia siku hiyo. Mara nyingi siku yenyewe itakuwa ya kukamatwa, kwa kuwa sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 333(2), inataka muda ambao mtu amekaa rumande uzingatiwe. Vivyo hivyo kwa kesi za madai. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na wakili akisema muda umeanza "to run", anasema umeanza kuhesabiwa. Mkataba wenyewe uki-"run" miaka miwili, unadumu miaka miwili.

Benki ni rahisi, ila jihadhari na kishawishi. "A run on a bank" si benki kutoroka na pesa, ingawa kuna wasikilizaji watakaoelewa hivyo ukiweka "kimbia" vibaya. Ni wateja kuikimbilia benki kwa wingi watoe akiba zao kabla hazijaisha. Hapa, kwa mara moja, kimbilia linafaa kabisa. Aprili 2016 wateja wa Chase Bank walipofurika kutoa pesa zao kufuatia taarifa zilizosambaa mitandaoni, na Benki Kuu ikaiweka benki hiyo chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa muda, tarehe 7 mwezi huo, sentensi fupi iliyotosha ilikuwa hii: wateja waliikimbilia benki kutoa pesa. Kitenzi kinabaki, mtendaji ni mteja.

Kriketi ni jambo la kukubaliana tu. Mikimbio inaeleweka na wanaofuata mchezo. Tarehe 24 Februari 2003, pale Nairobi Gymkhana, Kenya iliwashinda Sri Lanka kwa mikimbio 53 katika Kombe la Dunia, Collins Obuya akiwatoa wapigaji watano, na timu ikaendelea hadi nusu fainali. Ukiandika kwa wasiofuata kriketi, sema mikimbio mara ya kwanza ukiongeza kwamba ndizo alama za mchezo huo, kisha endelea.

Mengine nitayapitia upesi. Gari la "hit-and-run" ni lililogonga na kutoroka. Aliye "on the run" anasakwa, au yuko mafichoni. Usiseme yuko mbioni, maana mbioni kwa Kiswahili ni kuwa karibu kulifanya jambo, na utamgeuza mshukiwa kuwa mtu mwenye mipango. "Running battles", zinazopendwa sana na waandishi wetu siku za maandamano, ni makabiliano ya kukimbizana. Siku tatu "running" ni siku tatu mfululizo. Gazeti likiwa lime-"run" habari, limeichapisha, redio imeitangaza. Ugonjwa unao-"run" katika familia ni wa ukoo. Mtu aki-"run" homa, ana homa, basi. "Dry run" ni jaribio. Na "in the long run" ni hatimaye, au baada ya muda mrefu, isipokuwa aliyesema ni kocha wa riadha wa Iten, ambaye huenda anazungumzia mazoezi ya umbali mrefu ya mwisho wa wiki.

Huenda umeona kwamba vijana wa teknolojia hawatafsiri kabisa. Wao husema wame-"run" "code", yaani maagizo ya kompyuta, wata-"run" tena kesho. Katika mazungumzo yao ya kazi sina ugomvi nao. Kwa redio, endesha programu ni Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu, na ukikiacha kwa sababu tu kinasikika kizee, utakuwa umewanyima wasikilizaji wako wengi.

Ushauri wa kazi, sasa. Nunua daftari, lakini usipange maana kwa namba kama kamusi inavyofanya. Panga kwa majina. Ukurasa mmoja uandike MAJI juu, mwingine PESA, mwingine MAHAKAMA, UCHAGUZI, GARI, UGONJWA. Chini ya kila jina andika sentensi nzima ya Kiingereza uliyoikuta kazini, na pembeni yake sentensi ya Kiswahili iliyosomwa hewani na haikurudishwa na mhariri. Ukishajaza kurasa chache utagundua unakutana na watu wale wale: neno lililokutisha kwa maana 645 lina nyuso kama ishirini tu katika kazi yako, na nyingi zinarudi kila wiki. Daftari hilo hilo litakufaa kwa "set", "get", "take" na "put", maana ugonjwa ni mmoja.

Kabla ya kukabidhi taarifa, isome kwa sauti bila kuangalia Kiingereza. Ukiweza, mpate mtu wa pembeni asikilize, mlinzi wa getini au dada wa chai, umuulize kimetokea nini. Akikueleza tukio, umetafsiri. Akikuuliza "vilikimbilia wapi?", rudi kwenye jina uanze tena. Na zamu ikikubana, dakika zimebaki chache na kitenzi hakiji, achana na kitenzi uandike tukio lenyewe kwa maneno yako. Hakuna msikilizaji atakayedai neno la Kiingereza ambalo hakulisikia.

Ukikwama tena, niandikie, lakini nitumie aya nzima na si neno pekee. Sentensi iliyokatwa na kubaki "it ran" hata mimi siwezi kuitafsiri.